Ngozi ya Ngoma Yako

Mpendwa Baba,

Nimeikata ngoma yako. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Unazikumbuka drams za umeme za kwaya. Zilikuja miaka ile ya ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, Makambako ilipojaa mitumba ya kila aina, mpaka redio na pasi. Tulikwenda wawili kuzichukua dukani kwa Mzee Salehe, na njia nzima ya kurudi Njombe ulizipakata. Sahani tano za mpira, nyaya, na boksi moja la kutoa sauti. Ulizigonga kwa kidole, ukauliza, "Hizi hazina ngozi. Zinasikiaje?" Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijua kila kitu.

Halafu ikaja ile Jumapili ya Juni. Ulitangulia kanisani, ukawasha jiko la mkaa nje, ukaegemeza sahani ya katikati karibu na moto, kama ulivyokuwa ukiipasha ngoma yako kila baridi ilipoilegeza. Tulipofika, mpira ulikuwa umeyeyuka upande mmoja, umeshuka kama uji mzito. Mwalimu wa kwaya hakufoka. Alisema tu, "Mzee, sasa pumzika. Binti yako atapiga." Kwaya nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, Baba, tena kwa sauti, kisha nikapokea vijiti.

Tangu siku hiyo ulikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka ulipofariki. Hukunisema hata mara moja. Kila Jumapili nikifika nyumbani ulinisalimu kwa Kibena, ukauliza, "Kamwene, mwanangu. Zimelia?" Nilijibu zimelia, nikaenda kubadili nguo. Ngoma yako uliitundika jikoni, na hakuna aliyeishusha.

Ile sahani niliipiga hivyohivyo na kovu lake kwa miaka, mpaka mwaka huu ilipopasuka kabisa. Nikaipeleka Makambako. Mzee Salehe ana mvi siku hizi. Aliigeuzageuza, akacheka. "Mpira wa hii hupati, binti yangu. Hata huko ilikotoka wameshaisahau." Akafungua saa mbovu ya mezani, akatoa kile kisahani chembamba cha shaba kinachoiliza, akaniambia nikiunganishe na waya wa boksi, nikibandike chini ya kitu chochote kilichowambwa vizuri, kitasikia kila pigo na kulipeleka kwenye boksi.

"Kitu gani?" nilimuuliza.

"Chochote kinachokaza."

Nilijua ni kipi kabla sijatoka dukani.

Niliishusha ngoma yako, nikailoweka ngozi, nikaikata, nikaiwamba kwenye pete ya mbao. Ilipokauka niliigonga taratibu, na boksi likalia taratibu. Niligonga kwa nguvu, likalia kwa nguvu. Ule mpira haukujua tofauti hiyo. Siku zote ulikuwa na mlio mmoja tu.

Jumapili iliyopita kulikuwa na ukungu mpaka mlangoni mwa kanisa. Ngozi ililegea, boksi likanyamaza. Nilijua inataka nini. Nilishindwa kuomba moto mbele ya watu walewale niliocheka nao, na kicheko kile kikaniuma siku hiyo kuliko siku zote. Nikakaa tu na vijiti mapajani.

Mwalimu wa kwaya, yuleyule, aliiminya ngozi kwa kidole gumba. Aliniangalia, akatoka. Aliporudi alikuwa amebeba jiko la mkaa mwenyewe, moshi ukimwingia machoni. Akaliweka mlangoni, karibu na benchi lako.

"Mzee alikuwa anaiweka umbali gani?" aliuliza.

Nilimwonyesha kwa mikono miwili. Kwaya ilisimama ikingoja ngozi ikaze. Hakuna aliyecheka.

Zimelia, Baba.

Ni mimi, binti yako niliyekalia kiti chako.