Karata Ulizonitajia kwa Simu

Dada yangu Felista,

Najua ungecheka kuniona nimeshika kalamu. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini barua hii naiandika kwa mkono wangu na sijamwomba mtu. Nataka isomwe na kila Mkenya wa mtaa wetu hapa Al-Mahjar, kwa sababu kuna jambo niliwatangazia mwenyewe kwa kinywa changu.

Unakumbuka jikoni kwa yule mzungu wa shamba, Kitale, ambako baba alikuwa mpishi. Mzungu alimfunza ule mchezo wa karata, kribeji, baba akatufunza sisi. Karata zikijumlika kumi na tano, unapata alama mbili. Jozi, mbili tena. Na alama haziandikwi, zinatembea kwenye ubao wa mashimo, kila mtu na njiti zake mbili, ya nyuma ikiruka ya mbele, mpaka mmoja afike shimo la mwisho. Baba alisema ile ya nyuma ni shahidi: mkibishana, inaonyesha ulikotoka. Na ukikosa kuziona alama zako, mwenzako anazichukua. Mimi zako nilizichukua tangu ukiwa mdogo, bila huruma.

"Chukua, kaka," ulikuwa unaniambia. "Utazikwa nazo."

Tulipokuja huku Saudia, wewe ukipikia familia ya Al-Naseem kule Riyadh, mimi nikilinda ghala hapa Jeddah (na mpaka leo hakuna mwizi aliyetoka na hata msumari), ni nani alitengeneza mbao mbili zinazofanana kama mapacha? Ni mimi. Mashimo niliyachoma kwa msumari wa moto, yamenyooka kuliko ya mzungu. Mmoja nikakutumia kwa basi. Ijumaa mchana, madam akilala, unapiga simu. Kila mtu na pakiti yake, kila mtu anataja alichopata. Mambo mengine ya mchezo tuliyaacha, simu haiyawezi. Siku moja sote wawili tulishika saba ya kopa. Nikakuita mwizi.

"Mwizi yuko hapo ghalani," ukasema. "Sogeza njiti, kaka, yalla!"

Kabla ya kukata simu tulisomeana ubao, wewe uko wapi, mimi niko wapi. Kwetu hakuna aliyefunzwa kusema maneno matamu. Tulisomeana mashimo.

Halafu ukalazwa. Mimi nikabaki Jeddah, ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, imekufa na kafili, tajiri aliyenileta, kila nikimuuliza ananiambia bukra, bukra, na kesho yake haifiki. Bila ikama nisingefika Riyadh. Lakini Ijumaa zetu hazikukatika. Ulipiga kutoka kitandani, sauti imekuwa nyembamba, na mimi nikakuchapa. "Jozi ya mbili tu," ulisema. Mara nyingine, "Leo sina kitu, kaka." Mara unanitajia karata zenye kumi na tano ndani yake halafu unaipita, nami naiona haraka, nachukua. Nikafika shimo la mwisho, tukaanza upya, na huko pia nikakuacha mbali. Niliwaambia watu wote wa chumba chetu, na wa pale tunapokunywa chai, kwamba Felista nimemmaliza.

Ukafa. Ukarudishwa nyumbani kwa ndege bila mimi.

Ubao niliuweka juu ya kabati na njiti zake zimesimama. Juzi Barasa, fundi wa matairi ninayeishi naye, akauteremsha aweke sufuria ya ugali. Njiti zikamwagika.

"Mzee, si ni njiti tu? Nitakununulia kiberiti kizima."

"Shukuru Mungu goti langu ni bovu."

"Basi zirudishe. Si wewe husema kichwa chako hakisahau kitu?"

Nilikaa nazo mkononi. Za kwangu zina vichwa vyekundu, za kwako zimeungua. Nilijua nilikuwa mbele. Lakini wewe, Felista, sikujua ulikuwa umesimama wapi. Kaburi lako sijaliona. Lile shimo ndilo nililokuwa nalo.

Nikampigia Kalekye, yule msichana wa Machakos uliyefanya naye kazi.

"Ubao ninao, mzee," akasema. "Na karata zake ninazo."

"Karata gani? Si alienda nazo hospitali?"

"Hakwenda na kitu. Mkono ulikuwa hauinuki."

"Sasa alikuwa anacheza na nini?"

"Simu nilikuwa namshikia mimi. Alikuwa anafunga macho, anataja tu. Akimaliza anasema, leo atalala na furaha huyo."

Nilikasirika, sikufichi. Mgonjwa ni wewe, na wewe ndiye ulikuwa unanilisha alama. Halafu nikawaza: huna ubao, huna karata, umelala na maumivu, na kila tuliposomeana mashimo hukukosea hata moja, yako wala yangu. Mimi nilikuwa na ubao mbele ya macho na bado ulinisahihisha mara mbili. Hapa Jeddah nzima hakuna anayenishinda kichwa. Riyadh alikuwako mmoja.

Lakini mimi ni mbishi, unanijua. Karata ambayo haikushikwa haihesabiwi, hata baba angesema hivyo. Kwa hiyo Ijumaa zile za hospitali nimezifuta zote, halas. Nikamwambia Kalekye anisomee ubao wako kama ulivyouacha siku ulipotoka nyumba ile kwenda hospitali. Akahesabu kwa kidole polepole, mimi nachomeka. Njiti zako zilikuwa karibu kabisa kumaliza. Zangu ziko nyuma, nyuma mahali ambapo sitaandika hapa.

Na ndivyo zilivyo sasa juu ya kabati, na mtu aguse aone. Jana Barasa alisimama akazitazama, kikombe mkononi.

"Mzee, hapa ni nani anashinda?"

Nikamwambia, "Dada yangu."

Pumzika, mtoto wa mama.

Kaka yako,
Zakayo