Kura Moja ya Baba

Kijijini Lambusuk,
Pwani ya Mashariki, New Ireland.
21 Julai 2019

Mpendwa Mama mkubwa Naomi,

Hujambo huko Cairns? Goti limepata nafuu, au baridi bado inalisumbua? Sisi ni wazima. Mama anapanda magimbi shamba la juu, na kifua cha Baba kimetulia.

Uliuliza kwenye simu Baba ameangukaje tena kwenye uchaguzi wakati kila mtu anampenda. Sikujibu kwa sababu hapa ukipiga simu kijiji kizima husikiliza.

Alipoacha ualimu na kugombea bunge la jimbo, alishinda. Siku hizo mpiga kura alichagua jina moja tu. Akaleta zahanati na daraja, watu wakamshukuru. Tangu tuanze kuandika majina matatu, la kwanza, la pili na la tatu, ameshindwa kila mara. Kila ukoo humweka mtu wake wa kwanza, kisha humweka Baba, Mwalimu Lavat, wa pili, kwa heshima. Lakini aliyewekwa wa kwanza na wachache ndiye huondolewa mapema, na kura zake zote za pili hubaki bila kuhesabiwa. Sidhani kama jimboni yuko mtu aliyependwa na wengi hivyo bila faida yoyote.

Safari hii Mjomba Kasau, mdogo wako, naye aligombea, akashinda. Sisi wa ukoo wa Mama hatukuhitaji kuambiwa nani awe wa kwanza. Sanduku la kijiji chetu lilipohesabiwa, Baba alikuwa wa kwanza kwenye karatasi moja tu.

Sasa sokoni wanamwita Kura Moja. Juzi Bosap, yule muuza samaki, alipaza sauti: "Mwalimu! Hata mkeo kakunyima! Ulijipigia mwenyewe, eeh?" Watu wakaangua kicheko. Baba aliendelea kuchagua samaki, akasema, "Angalau nina rafiki mmoja."

Nyumbani, alipokuwa akikuna nazi, nilimuuliza kwa nini anawaacha wamcheke.

"Mimi wa kwanza nilimweka shemeji," akasema. "Nimejenga kwenye ardhi yao, nalima ardhi yao. Ningemweka wa pili kwa uso gani?" Akakuna kidogo. "Wakijua kura ile si yangu, watamtafuta aliyeipiga. Waache."

Hakuniangalia.

Ilikuwa yangu, Mama mkubwa. Nilimpigia mtu niliyemwona anafaa, na sijuti.

Mwezi ujao, kwenye karamu ya ushindi wa Mjomba, ukoo utanionyesha kipande changu cha shamba. Baba anahofia nitanyimwa. Mimi siwezi kupokea ardhi ile huku yeye akichekwa kwa niaba yangu. Nataka kusimama kabla nguruwe hawajagawanywa, niseme kura ni yangu, kisha waamue.

Wewe ndiye mkubwa wa wanawake wa ukoo. Ukinikataza, nitakaa. Usipoandika, nitasimama. Wakiniuliza Mjomba nilimweka wapi, nitawajibu kweli: wa pili, kwa heshima.

Nisalimie Garo na wale mapacha. Mama anakusalimu, na Baba pia, ambaye anadhani naandika habari za magimbi. Mungu akutunze, akulindie na goti.

Mwanao akupendaye,
Merolyn