Télesphore Hakulishwa Karuho

Nguba, Bukavu
Tarehe 9, mwezi wa sita 2023

Mpendwa mujukuu wangu Fabiola,

Nakusalimu. Baridi ya Montréal iko namna gani? Mugongo wako ulipona? Mimi niko. Nakula wakinipa, nalala wakizima taa. Sijalia bado, usiniulize.

Kwa simu ulikuwa unalia, haukusikia kitu. Sasa soma, juu wanataka kuchoma nyumba ya Maman Bintu, jirani yetu, kwa maneno yako.

Baba yako Télesphore alitoka kwenye ubatizo kwa Bintu. Alikunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kama wote. Kufika nyumbani akashika kifua, akaniambia: "Maman, ni kama mutu amenikalia hapa." Mukono wa kushoto ukamuuma mupaka kwenye taya. Jasho likamutoka kama amenyeshewa.

Tonton yako Firmin, ndugu ya baba yako, akapiga kelele: "Karuho! Wamemupa sumu! Hopitali hawajue mambo ya karuho!" Hakuna aliyebisha. Wakamutembeza kwa miguu mupaka kwa maman mumoja mwenye kutapisha watu. Akamunywesha majani. Akatapika mupaka akaregea.

Ndipo tukaenda hopitali. Munganga akamulaza, akamupa aspirini: "Papa, tafuna." Akamubandika nyuzi kifuani, mashini ikachora karatasi. Akauliza maumivu yalianza wakati gani. Mimi nikamujibu: mbele ya yale majani. Munganga akasema mushipa wa moyo umeziba, tungemuleta mara moja. Akiwa bado anasema, moyo ukasimama. Wakamukandamiza kifua mupaka wakachoka. Basi.

Na wewe ukaandika kwenye WhatsApp ya familia kwamba Bintu ameua. Vijana wa avenue yetu wakasoma, wakaja kwa Bintu na mawe. Ulisomea nini huko, wee Fabiola? Ile kasiksi mimi nilikunywa kumushinda baba yako, na niko hapa nakugombeza!

Jana Bintu alileta pombe kwenye kilio. Akaonja mbele yetu kama desturi, kuonyesha haina sumu. Wote wakakataa kupokea. Nikamunyanganya kopo, nikalimaliza. Firmin: "Maman!" Nikamwambia, "Nyamaza, unikalie mbali."

Lakini mimi wanasema nimechanganyikiwa. Wewe ni mutoto wa marehemu, wewe watakusikiliza. Andika leo: ulikuwa moyo. Taja Bintu kwa jina, umuombe radhi. Dada yako Bulonza anapiga picha karatasi hii ikufikie sasa.

Salimia Guy mume wako na watoto. Maman yako Georgette anakusalimu, hasemi mengi. Mungu akulinde, akuongeze na akili.

Mimi nabeba blanketi, naenda kulala kwa Bintu mupaka uandike. Wakichoma, wachome na mimi.

Koko wako akupendaye na makelele yake,
Cibalonza