Siku Tatu Porto

Leeds, 3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Naomba baraka yako. Natumaini goti limepunguza kuuma na kwamba zile dawa unazinywa, humwagii maua. Mimi mzima, isipokuwa mafua. Wodini ni yale yale, wazee na kelele, na chai inayopoa kabla sijaigusa.

Nina habari. Katikati ya Mei nakuja Porto, Ijumaa hadi Jumapili, pamoja na rafiki zangu wawili, wauguzi wenzangu, Farzana na Bronagh. Wamechoka kunisikia nikiusifu mto wetu, sasa wanataka kuuona wenyewe. Tumepata chumba cha kupanga hapo hapo mtoni. Najua utauliza kwa nini si nyumbani. Naomba tuache iwe hivyo. Jumamosi mchana tutakuja kula kwako.

Miaka mitatu ni mingi, Mama. Najua.

Mwanao,
Benedita

—

Porto, 12 Machi

Mwanangu Benedita,

Mungu akubariki na akuondolee hayo mafua. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Barua yako nimeisoma hapo hapo kwenye ngazi, sikuweza kungoja nifike juu. Nikamgongea Bi Zulmira mlango wa pili, tukapiga kelele hadi yule bwana wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Chumba cha kupanga! Mtu ana mama yake mjini, analala kwa watu? Haya, nimemeza. Ila sikiliza. Nitakuja uwanja wa ndege kuwapokea. Ijumaa nitawatembeza. Mikahawani nitaagiza mimi, maana wahudumu wa kule mtoni hawana subira, na wewe ukishikwa na kigugumizi watakudharau mbele ya wageni wako. Usiwe na wasiwasi, nipo. Nitakusemea kama siku zote.

Huyo Farzana anakula nini?

Mama yako

—

Leeds, 20 Machi

Mama mpenzi,

Baraka yako. Mafua yamekwisha. Farzana hali nguruwe, vingine vyote anakula kunishinda mimi.

Mama, tatizo ni hapo penyewe, kwenye kunisemea. Siku yangu ya kwanza shuleni mwalimu aliniuliza jina, ukajibu wewe. Nilipofanya usaili wa chuo cha uuguzi ulikuwa umeketi nje, ukanisikia nimekwama, ukafungua mlango ukajibu wewe. Kwenye simu nikikwama unalichukua neno, na mara nyingi unachukua lisilo langu. Ndiyo maana nakuandikia barua.

Ulimwambia Bi Zulmira kwamba niliikimbia Porto. Sikuikimbia. Nilikwenda mahali ambapo watu hawakujua neno gani litafuata, ikabidi wasubiri. Kigugumizi bado ninacho. Lakini maneno ni yangu.

Nakuomba usije uwanja wa ndege. Na Jumamosi, mezani, usinimalizie sentensi hata moja. Ukiona huwezi, niambie kweli, tutaonana safari nyingine.

Nakupenda.

Mwanao,
Benedita

—

Leeds, 4 Mei

Mama,

Baraka yako. Jibu lako halijafika. Nimempigia Bi Zulmira. Nilikwama kwenye jina lake hadi akadhani simu imekatika. Anasema u mzima, unakwenda sokoni, ila habari yangu ukiulizwa unageuza maneno.

Nimeumia, sitakuficha. Ijumaa ya tarehe kumi na tano tunafika. Kama Jumamosi nitapanda ngazi zako au sitapanda, sijui. Nitaamua nikiwa huko.

Benedita

—

Porto, 19 Mei

Mwanangu Benedita,

Mungu akubariki. Natumaini mmefika salama na kwamba Bronagh hakulisahau tena koti lake. Mimi mzima, goti limetulia.

Sikukujibu kwa sababu kila barua niliyoandika ilianza na pole ikaishia na maagizo. Nikazichana zote.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Ulinikataza uwanja wa ndege, stesheni hukuitaja. Ijumaa nilijua lazima uwapeleke São Bento kuona zile kuta za vigae, basi nikasimama nyuma ya kibanda cha magazeti tangu asubuhi. Mkaja. Ukaenda kwenye kaunta ya kahawa.

"Kahawa tatu na vi… vi…"

"Vitafunwa?" yule kijana akadakia. "Viazi? Viberiti?"

Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshatoka, Benedita. Nikawatazama rafiki zako. Yule mwenye nywele nyekundu alikuwa anaangalia dari, yule mwingine ameegemea kaunta kama mtu aliye kwao. Hakuna aliyekuwa na haraka. Ndipo nikakusikia.

"Ngoja, kaka. Si… sijamaliza."

Akangoja. Stesheni nzima, kwangu, ilingoja. Ukasema, "Vikeki vya mayai. Vitatu. Na usinipe vya jana."

Yule kijana akacheka, akasema, "Samahani, dada," akaenda kuvileta. Ukala, ukajifuta, ukainua mkono juu, ukawaongoza wenzako katikati ya umati huku ukiwaeleza mambo kwa Kiingereza, unakwama na kuendelea. Na mimi nilikujua mtoto wa kujificha nyuma ya sketi yangu! Nikarudi nyumbani kwa miguu, mlima wote ule, sikuhisi goti.

Jumamosi nilipika supu ya kabichi, soseji ya nguruwe nikaiweka kwenye kisahani chake mbali na Farzana. Sikujua kama utakuja. Niliposikia vicheko vyenu ngazini nikajifanya nakoroga chungu.

Ulipotusimulia habari za yule mzee wa wodini anayekataa kuvua kofia bafuni, ukakwama kwenye hiyo kofia, Bi Zulmira alifungua kinywa. Nikamkanyaga. Hata leo anachechemea na anataka nimwombe radhi, na mimi sina mpango huo. Ukafika mwisho mwenyewe, na mezani tulicheka hadi machozi. Mwanangu, ile ndiyo hadithi yako ya kwanza kuisikia hadi mwisho wake. Zote zilizotangulia nilizimalizia mimi, na mwisho wako ni mzuri kuliko wangu.

Wasalimie wasichana wangu.

Mama yako

—

Leeds, 27 Mei

Mama yangu,

Baraka yako. Tumefika salama, koti tumerudi nalo, Bronagh kasahau mwavuli. Farzana anapika supu yako kila Jumapili, na kila Jumapili anaiunguza.

Mama, nilikuona.

Nilikuona kabla hata sijafika kaunta. Nani mwingine Porto anavaa skafu ya manjano akitaka kujificha? Nikajisemea, haya, sasa atatoka, atakuja kuniagizia. Lile neno likanikaba zaidi kwa kukungoja. Nikauona mguu wako ukitoka. Kisha nikauona unarudi.

Kama ungetoka, Jumamosi ningebaki chumbani kwangu mtoni, Jumapili nikapanda ndege. Ngazi zako nilizipanda kwa sababu ya mguu ule uliorudi.

Tulipokuwa tunatoka pale kauntani, Farzana aligeuka akaniuliza, "Yule bibi wa skafu ya manjano anayetutazama hivyo ni nani?"

Unajua neno hilo lilivyonitesa tangu nikiwa mdogo, midomo inafunga na haifunguki. Nilisimama katikati ya stesheni, watu wananipita na mizigo yao. Farzana akasubiri.

"Ma… ma… mama yangu," nikamwambia. "Yule ni mama yangu."

Mwanao,
Benedita