Mguu Wangu na Mguu wa Butoyi

Magarama, Jumanne

Gitega nzima hakuna dume kama mimi. Hata bakteria wamenifuata kutoka Mwakiro, kwingine wameona hakuna raha.

Bon. Tulijikata miguu kwa mundu siku moja tukivuna mpunga kwetu Mwakiro, mimi na dada yangu pacha, Butoyi. Yeye amepona. Mimi nimevimba hadi goti, na kesho daktari anaamua kama vidole vitakatwa.

Muuguzi wa hapa hospitali kaeleza kwamba mara nyingi homoni za kike huamsha askari wa mwili dhidi ya bakteria, za kiume huwapoza.

"Umesikia, Butoyi? Uanaume umenizidi!"

"Bukuru, nyamaza basi," akasema, machozi yakimtoka.

Vidonge tulipewa sawasawa. Yeye alivimaliza. Mimi niliviacha siku ya pili, nikisema dume halihitaji dawa.