Mdogo Wangu Anaolewa, Nichukue Lenzi Ipi?

Mshauri mpendwa, najua wenzangu wanakuandikia habari za waume na wake, mimi nakuja na shida ya lenzi, usinicheke, na kama lazima ucheke basi ucheke huku unanisaidia, maana harusi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi na mimi lenzi bado sijaamua.

Mimi ni mpiga picha, nina kijistudio kando ya saluni, kitambaa cheupe ukutani na kigoda kimoja kinachokwaruza sakafu, na kazi yangu kubwa ni picha za pasipoti, kaa sawa, inua kidevu, usitabasamu, tayari, anayefuata. Anayeolewa ni mdogo wangu wa pekee, mwalimu wa chekechea, na harusi itafungwa kwenye uwanja wa majani wa shule anayofundisha, nje kabisa, kuanzia asubuhi mpaka jua la utosini. Huyu mdogo wangu nimembeba mgongoni mama akiwa kwenye cherehani, nimemfunga kamba za viatu, hata nywele nimemsuka nikamharibu, na ana jino moja la mbele lililompanda mwenzake, na tangu walipomtania shuleni hajawahi kucheka mbele ya kamera bila kuziba mdomo kwa mkono, picha zote za nyumbani yumo lakini kuanzia puani kwenda juu. Sasa akanijia studio, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Kaka, zawadi sitaki. Nataka picha moja tu ya harusi ninacheka mdomo wazi. Na unipige wewe, mwingine yeyote nitaziba mdomo mpaka jioni." Nikamwambia hilo dogo. Mshauri, si dogo.

Jumapili mvua ilipokatika tukaenda kujaribu palepale shuleni, tukawa tunateleza kwenye yale majani. Nina rafiki wa kazi tunamwita Mita Mia, kwa sababu harusini humwoni, yeye yuko getini huko na lenzi yake ndefu ya milimita 200, ya kuvuta vitu vya mbali, basi akaniazima, nikasimama getini kama yeye, na picha ikatoka ya kutundikwa ukutani, uso laini, nyuma yake maua na madarasa yameyeyuka yamekuwa rangi tupu, ila mkono uko mdomoni, maana pale nilipo nikimtania hanisikii, anabaki kuuliza, "Unasemaje?" Mama alipoiona akauliza wageni wake watakaa wapi humo. Akasema, "Mimi nimealika watu, sijaalika ukungu." Basi nikafunga lenzi yangu ya siku zote, ya 50, nikamsogelea mpaka karibu tugongane, nikamkumbusha jinsi shemeji, ambaye ni fundi wa friji na maneno kwake ni ya shida, alivyokuja kujitambulisha nyumbani, akaondoka hajasema kilichomleta lakini friji ya mama imepona. Akacheka, mkono ukashuka wenyewe, jino likaonekana, nikabonyeza. Kutazama, pua imetangulia mbele, uso unafuata. Akaniuliza, "Kaka, hii pua umeniletea ya nani?" Akacheka tena, nikataka kurudia, lakini vumbi likaniingia machoni, nikasema betri imekwisha, tukarudi nyumbani.

Duka la kukodisha vifaa wana ya 85, iko katikati ya hizo mbili, lakini moyo wangu umelalia ile ndefu, naona ni ya kitaalamu zaidi, na tena ukiwa mbali unafanya kazi kwa utulivu bila mtu kukutazama usoni. Mama ananuna, Mita Mia ananijaza kichwa, na mdogo wangu ananitegemea mimi. Nichukue ipi?

Kaka wa bibi harusi

*

Kaka wa bibi harusi, nimecheka na nitakusaidia, kama tulivyokubaliana.

Nilishuka chini kwa mpiga picha wa gazeti letu, mtu mwenye mdomo mkali kuliko mimi, nikamsomea barua yako. Hata sijaimaliza akasema, "Mwambie achukue 85 aache kusumbua watu." Kwa lenzi hiyo utasimama hatua chache kutoka kwake, pua itakaa mahali pake, na utani wako utamfikia. Wakiwa wawili usilifungue lote tundu lake la mwanga, la sivyo utampata bibi harusi na bwana harusi atakuwa ukungu, na yule fundi wa watu hajakukosea kitu. Jua la utosini litawatia weusi chini ya macho, kwa hiyo picha za uso zipigie kwenye kivuli cha kibaraza cha madarasa, yeye akielekea kwenye mwanga. Ile 50 usiiache nyumbani. Rudi nayo nyuma, umpigie mama wageni wake wote, kila mtu na sura yake. Ile ndefu mrudishie Mita Mia leo hii.

Hayo ya lenzi yamekwisha. Sasa niambie, mwanangu, vumbi gani? Umeniandikia kwa mkono wako kwamba mvua ilikuwa ndiyo imekatika, mlikuwa mnateleza kwenye majani mabichi. Ulimwona anacheka, ukakumbuka kwamba mwezi ujao kicheko kile kitakuwa kinasikika nyumba nyingine, machozi yakakutoka, ukasingizia betri. Tangu siku hiyo unatafuta lenzi ya kukuweka getini, unaiita utaalamu. Nakuonea huruma, tena sana. Mtoto uliyembeba mgongoni akiondoka nyumbani, hata mimi ningetafuta pa kujibanza. Lakini siku hiyo watu wa kumtazama kwa mbali watajaa uwanja mzima. Wa kumfanya ashushe mkono uko peke yako, na yeye anajua, ndiyo maana alikuja kukaa kwenye kigoda chako.

Basi sikiliza. Kesho kakodi hiyo 85, uzunguke nayo hapo nyumbani, mdogo wako akipika, akipiga pasi, akigombana na mama, mpaka aione kama kijiko tu. Siku yenyewe mpe maua mazito, ayashike kwa mikono miwili. Usiumize kichwa kutafuta cha kumchekesha. Utalia, hilo usijidanganye, na yeye akimwona kaka yake mzima kashika kamera na kamasi zinamtoka, atakucheka mpaka jino lote liwe nje. Machozi usiyafute. Bonyeza.