Kichwa cha Kambale

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila paa la jikoni linavuja palepale ulipoliziba wewe, fundi wa maneno.

Jumamosi nilimkamata kambale kwenye tope la bwawa. Baba mikono inamtetemeka siku hizi, kwa hiyo alikaa kitini na kunifokea tu: "Shika nyuma ya miiba! Usimkabe, ukimkaba anateleza!" Nikakumbuka ulivyochomwa ukiwa mdogo, ukalia, naye akakunyonya kidole huku anacheka. Nilimsugua kambale majivu mpaka ute ukaisha, nikampika.

Kichwa nilikutengea, kama ninavyofanya tangu wewe na Baba mgombane miaka mitano iliyopita. Baba akakitazama, akasema, "Kilete hapa. Mwenyewe hana haja nacho."

Sijawahi kumwona akikigusa. Akala polepole, upande mmoja tu. Ule mwingine akaufunika kwa sahani, akanikataza nisiuguse.

Hakunituma nikuandikie, usije ukamwambia. Ila wewe mwenyewe unajua, kichwa cha samaki hakilali siku mbili.

Dada yako